Maswali ya Wasomaji: Kamera Ninayo, Hamu Imeniisha

Mwezi huu meseji za mambo ya picha zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote. Nimechukua nne. Ya mwalimu wa Tanga nimeijibu kwa urefu kwa sababu najua wengi wenu mko palepale alipo yeye, na mimi mwenyewe nimeshawahi kuwa hapo.

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 41 na watoto wawili. Miaka miwili nyuma nilianza kupiga picha na simu tu, napiga wanafunzi wakifagia uwanja asubuhi, napiga mama yangu akikuna nazi, nilikuwa na furaha sijui hata nisemeje, yaani naamka kabla ya adhana kwa ajili ya picha. Nikajibana nikanunua kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, imekuja na lenzi yake ndogo ya 18-55. Sasa tangu niipate nimeenda Raskazone kupiga jua likizama, nimeenda Mapango ya Amboni, nimefika mpaka Pangani. Narudi na picha 400 zote naziona kama kapiga mtu mwingine. Nikiposti napata laiki 12, wenzangu wanapata mia sita. Mume wangu anasema kama ni hivyo bora nipige harusi hela irudi, au niuze. Mwenzangu kazini anasema tatizo ni lenzi, ninunue kubwa. Mwezi wa pili huu kamera iko kabatini. Nifanyeje? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Marahaba mwalimu. Usiuze. Na lenzi usinunue, ntakwambia kwa nini.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikachukua peni nikapigia mstari sehemu moja tu, pale kwa wanafunzi wakifagia na mama akikuna nazi. Hapo maneno yako yanakimbia yenyewe, mtu anasikia kabisa huyu alikuwa na raha. Ukifika Raskazone unataja majina ya sehemu tu basi. Hamu haijakuisha mwalimu, umeiacha nyumbani kwa mama na uwanjani shuleni ukaenda kupiga vitu vya watu. Jua la Raskazone zuri, mi mwenyewe nimekaa pale nikaliangalia nikasahau hata njaa, lakini yeyote akisimama pale saa kumi na mbili jioni atapata picha inayofanana na yako. Mama yako akikuna nazi, mbuzi iko kona ileile, kanga kajifunga vilevile, anakuinulia uso vile mama anavyomwangalia mwanaye, hiyo picha duniani anayeweza kuipiga ni wewe na ndugu zako tu.

Ngoja nikupe na ya kwangu. Mwaka 1989 nilikuwa na kamera ya filamu ya kuazima, na filamu ni picha 36, zikiisha zimeisha, unanunua nyingine na hela ya kusafisha juu. Kwa hiyo roli moja nilikuwa nalikalia mwezi na zaidi. Nauli ya kuzunguka mjini sina. Mbele ya nyumba yetu, chini ya mkungu, alikuwepo fundi baiskeli, nikawa nampiga yeye, kwa sababu yuko karibu na hadai kitu. Nilimpiga karibu mwaka mzima. Mwanzoni kila nikiinua kamera anaacha kazi anatoa kifua mbele kama anapigwa paspoti. Kufika mwezi wa nne akanizoea, akawa anaendelea kukaza njiti zake kama sipo. Na mimi ndo nikaanza kuona. Nikaona kwamba saa nne asubuhi kivuli cha ule mkungu ni laini uso wote unaonekana, saa saba jua linatoboa majani linamtia mabaka usoni picha inaharibika, halafu saa kumi mwanga unakuja kwa pembeni, chini ya matawi, na grisi mikononi inang'aa utadhani ni fedha. Mambo ya mwanga niliyonayo mpaka leo nimefundishwa na mti mmoja.

Nilipompelekea picha ya mikono yake nilitegemea aseme mwanga mzuri. Akaishika, akaiangalia muda mrefu sana, akasema, "Hii spana namba 14 ndo ile iliyopotea Ramadhani." Akaiweka kwenye boksi lake la vifaa, juu kabisa, na hakuitoa tena. Sikuwa hata nimeiona ile spana kwenye picha. Tangu siku hiyo nikipiga picha ya mtu najua anaweza kuja kukuta ndani yake kitu ambacho mimi nilikipita, na hiyo peke yake inanitoa kitandani mpaka leo.

Sasa suala la laiki na la harusi, naona ni suala moja. Si unajua kwenye ndondi tuna ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa? Bondia wa ridhaa anapigana kwa sababu ameridhia mwenyewe, anapenda. Mi nashangaa kwa nini neno hilo tumeliacha ulingoni, maana na sisi ni wapiga picha wa ridhaa. Harusi ni ngumi za kulipwa. Bibi harusi hakusubiri upate mwanga, anakutaka uwepo pale anapoingia, keki ikikatwa, shangazi yake akilia, kesho kutwa anataka albamu, na ukikosa picha moja ile ya pete umeharibu siku ya watu ambayo hairudi. Ni kazi ya heshima na wanaoifanya vizuri nawavulia kofia. Kama nyumbani hela inabana kweli basi ifanye, lakini ianze kwa kumsaidia mtu anayejua, uwe wa pili wake harusi kama tano hivi. Ila kama unaifanya ili kamera ionekane ina faida, mweleze mzee kwa upole kwamba hii kamera ni kama yeye na mpira wake wa Jumapili, hakuna anayemdai mpira urudishe hela.

Na laiki 12 mwalimu, ni watu kumi na wawili hao, wangekuja nyumbani wote ungekosa viti. Kuna mama mmoja Marekani, Vivian Maier, alikuwa yaya, analea watoto wa watu Chicago, na siku akipata nafasi anatembea mitaani na kamera. Alipiga picha zaidi ya 100,000 karibu zote hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 vitu vyake vikapigwa mnada kwa sababu ya deni la stoo, ndo watu wakaziona, na mwenyewe akafariki mwaka 2009 kabla dunia haijamjua. Sikuambii ufiche picha zako, mi naona kuonyeshana ni nusu ya utamu wenyewe. Nakuambia tu kwamba yule mama alitembea na kamera miaka chungu nzima bila laiki hata moja na alikuwa anarudi barabarani kila akipata nafasi. Kitu kilichokuwa kinamrudisha ndo kilekile kilichokuwa kinakuamsha kabla ya adhana.

Kwa hiyo fanya hivi. Itoe kabatini kesho. Lenzi yako ya 18-55 izungushe mpaka 35 halafu bandika selotepu isizunguke tena, ukae hivo mwezi mzima. Kwa kamera nyingi za aina hiyo hapo kwenye 35 inaona karibu sawa na jicho lako linavyoona. Ukitaka mtu awe mkubwa piga hatua mbili mbele, ukitaka uwanja uonekane rudi nyuma. Mwanzoni utaiona kama adhabu, ila baada ya wiki utaanza kuiona picha kabla hujainua kamera, na hapo ndo mtu anakua. Mohamed Amin, yule Mkenya aliyeipeleka njaa ya Ethiopia kwenye televisheni za dunia nzima mwaka 1984, utotoni alianza na kamera ya Brownie, ile ya boksi, iliyokwishatumika. Zile Brownie za mwanzo zilitoka mwaka 1900 zikiuzwa dola 1, ni boksi kweli, zumu hamna. Mwenzako kazini anakutakia mema lakini lenzi kubwa itakusogeza mbali na watu, na wewe raha yako iko karibu.

Pili, wiki nzima picha 36, kama roli. Usifute hata moja mpaka Jumamosi. Jumamosi kaa na chai, chagua tatu, na hizo tatu jiulize kwa nini umezichagua, andika mstari mmoja kwenye daftari. Wewe ni mwalimu, unajua daftari linafanya nini.

Tatu, rudi uwanjani na mifagio. Watoto wakifagia wanatembea na fagio linakwenda mbio, kwa hiyo zungusha kitufe cha juu kiende kwenye S au Tv, hapo unachagua mwenyewe kasi ya kamera, weka 1/500, yaani sehemu moja ya mia tano ya sekunde, kila kitu kitaganda mpaka jani lililoruka. Ukishazipata hizo weka 1/15, kamera uiegemeze kwenye dawati isitikisike, mtoto aliyesimama atabaki wazi na fagio litakuwa kama moshi. Halafu simama jua la saa moja liwe mbele yako, pembeni kidogo, utaona lile vumbi linawaka lote. Hiyo picha simu yako ya zamani ilishakuonyesha kidogo, ndo maana ulikuwa unaamka mapema. Kwetu huku karibu na ikweta jua linapanda na kushuka haraka, huo mwanga mzuri una nusu saa, ukichelewa kengele imelia na vivuli vimekuwa vifupi. Mwambie mwalimu mkuu unachofanya, wazazi nao wajue, na nyuso za watoto zisiende mtandaoni, wasafishie wapeleke nyumbani.

Na jioni ukikosa pa kwenda, Tanga mji wa baiskeli, toka nje tu Ngamiani usimame kona moja ya barabara zile zenye namba, kona hiyohiyo kila siku, robo saa. Au Deep Sea ngalawa zikirudi na samaki. Mwezi wa kwanza kila mtu atakuangalia. Wa tatu wataanza kukuuliza jana ulikuwa wapi.

Mama akimaliza kukuna nazi na picha ikatoka vizuri, nitumie niione, naomba sana.

SWALI: Shikamoo anko. Niko chuo Morogoro, nina simu tu ya kawaida. Likizo nilimpiga bibi yangu picha nyingi, bibi ni mweusi haswa na nampenda hivohivo, lakini kwenye picha uso wake unakuwa giza tupu, macho hayaonekani, ukuta wa nyuma ndo mzuri. Nikiweka filta anakuwa mweupe kama mtu mwingine. Simu mbovu au mimi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana ulivyoandika "nampenda hivohivo". Simu nzima, na wewe uko sawa, ila simu haijui unampiga nani. Kamera inapima mwanga wote ulioko mbele yake halafu inataka wastani uwe wa katikati, si mweupe si mweusi. Ukimweka bibi mbele ya ukuta wa chokaa au mbele ya dirisha, kamera inaona weupe mwingi inasema hapa mwanga umezidi, inaupunguza, ukuta unakuwa mzuri na bibi anazama gizani.

Kwanza futa kioo cha lenzi na kanga laini, mafuta ya vidole yanafanya picha iwe na ukungu na watu wanalaumu simu. Halafu mkalishe bibi mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, uso uangalie nje, nyuma yake kuwe na kile kiza cha sebuleni. Mlango wa nyumba ya bibi ni studio, tena ya bure, mwanga unakuja laini kutoka mbele na ngozi nyeusi inapokea mwanga wa hivyo vizuri mno, inang'aa kwenye paji la uso na mashavuni, mikunjo yote inaonekana. Usimtoe juani saa saba, jua liko utosini, macho yatakuwa mashimo. Nje kama kuna mwembe kaa kwenye kivuli chake pembezoni, mgeuzie uso upande wenye mwanga. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu uendelee kubonyeza, kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua, ipandishe au ishushe na kidole mpaka uone rangi yake yenyewe uijuayo. Upande mmoja wa uso ukiwa giza, mwambie mdogo wako ashike shuka jeupe upande ule, mwanga utarudi.

Na ile filta ya kulainisha uso izime kabisa kwenye setingi, kwenye simu nyingine inakuja imewashwa tangu dukani na wewe hujui. Bibi amefika umri huo na uso wake, wajukuu wa wajukuu waje wauone hivo ulivyo.

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni kijana wa Mombasa, napenda sana kupiga watu mtaani, Mji wa Kale, Marikiti pale, wauza viungo na mahamri. Shida ni haya. Nikiomba ruhusa mtu anakaza uso, nisipoomba roho yaniuma, na siku moja nusura nipigwe. Wenye uzoefu mwafanyaje? (Kijana, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Hiyo roho inayokuuma isikilize, iko sahihi. Hapo juu nimemwambia mwalimu sisi ni wapiga picha wa ridhaa, sasa kwako neno hilohilo linageuka upande wa pili, ridhaa ya yule unayempiga. Kuna watu hawataki, mwingine kwa dini yake, mwingine ana mambo yake, mama wa buibui hujui kama anapenda, basi muache. Aliyekataa amekataa, tabasamu umuage.

Mombasa ina historia nzuri ya picha za watu walioridhia. Studio ya Parekh kuanzia miaka ya 1940 watu walikuwa wanajipamba wanakwenda wenyewe, wanachagua wakae vipi. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake, alijifunza mwenyewe, akawa anakata picha na kuzibandika kwa mkono mpaka zinakuwa kama ndoto. Ziangalie zile picha, nyuso zimetulia kwa sababu mtu anajua kwa nini yuko pale.

Kwa hiyo siku ya kwanza Marikiti kamera iwe shingoni tu, usipige picha. Nunua mdalasini, uliza bei, kaa. Siku ya pili omba. Akikaza uso mpige hivohivo picha moja, mwonyeshe kwenye skrini, mcheke wote wawili, halafu muulizie kazi yake, mikono ikianza kupima na kufunga karatasi uso unalegea wenyewe, hapo ndo picha yako. Wiki ijayo mpelekee picha iliyosafishwa. Amini nakwambia ukimpelekea mmoja, meza ya jirani watakuita wao. Kivuko cha Likoni, bandarini na panapokaa askari usitoe kamera kabisa, utalala pabaya kwa picha ya meli.

SWALI: Mimi niko Muscat, mama yangu Unguja. Simu yangu iliingia maji, picha za miaka minne zimekwenda, na nilizokuwa nimemtumia mama kwa WhatsApp nikizikuza zinakuwa vipande vipande. Sitaki tena yanikute. (Dada, Muscat)

JIBU: Pole sana dada yangu, miaka minne ni maisha. WhatsApp inazibana picha ili ziwe nyepesi, ndo maana. Kuanzia sasa ukimtumia mama picha unayoipenda itume kama dokumenti, itafika nzima. Zile za zamani alizonazo usizitupe, picha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya kawaida ya albamu, inatoka vizuri ikiwa na nukta kama 1,200 kwa 1,800, na hata ikipungua kidogo bado inapendeza, ni ukizikuza sana ndo zinapasuka. Picha mpya ziweke sehemu mbili tofauti, diski ndogo nyumbani na akaunti ya mtandaoni, usiache zote ndani ya simu.

Lakini la muhimu kuliko yote, kila ukienda likizo Unguja safisha picha hamsini, si lazima nzuri, za watu tu. Karatasi haina paswedi na haihitaji chaji. Na kabla hujaziingiza kwenye albamu kaa na mama, nyuma ya kila moja andikeni huyu nani, wapi, mwaka gani. Tumieni penseli, taratibu, msikandamize. Kalamu ya wino inatokea upande wa pili.